Kupimwa Macho Ukiwa Mpwapwa, Daktari Akiwa Mjini

Presha ya macho, yaani glakoma, kwa kawaida haiumi, na ndiyo maana mimi huiogopa kuliko maradhi mengine ya macho. Mtoto wa jicho hujitangaza: ukungu unatanda, sura za watu zinafifia, na mgonjwa mwenyewe anaomba apelekwe hospitali. Trakoma inachoma, kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho. Glakoma hula taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na kwa kawaida huanzia pembeni. Katikati hubaki pazuri kwa miaka. Mtu anasoma gazeti, anahesabu chenji, anamtambua jirani ng'ambo ya barabara, kumbe sehemu kubwa ya uwanda wake wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huliona bila kuhama, imeshakwenda. Kilichopotea hakirudi kwa matone wala kwa upasuaji. Tiba hulinda kilichobaki.

Wengi hudhani kwamba sehemu ya jicho iliyokufa ingeonekana nyeusi, na kwa hiyo wangeigundua mapema. Haionekani nyeusi. Jaribu hili: chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo, kisha chora nukta nene upande wa kulia wa msalaba, umbali wa sentimita 8. Ziba jicho la kushoto. Shika karatasi kama sentimita 30 kutoka usoni, ukazie macho msalaba kwa jicho la kulia, halafu isogeze karatasi mbele na nyuma polepole. Kuna mahali nukta itatoweka. Haiachi shimo wala kivuli, utaona karatasi nyeupe tupu. Hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho, na hapana chembe za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aliieleza sehemu hiyo katika miaka ya 1660, na kila mmoja wetu anayo katika kila jicho. Ubongo huiziba kwa kubuni kutokana na kilicho jirani yake. Mashimo yanayochimbwa na glakoma nayo huzibwa vivyo hivyo, na mgonjwa haoni kwamba haoni.

Kwa hiyo ugonjwa huu huwezi kuuachia mgonjwa aueleze. Lazima upimwe, na upimwe tena na tena.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Mpwapwa, mkoani Dodoma. Aligundulika kwa bahati: alikwenda kutafuta miwani ya kusomea, akakutana na mtaalamu makini aliyetazama nyuma ya jicho badala ya kumpa lenzi na kumwambia aende. Tangu siku hiyo familia yetu ina ratiba yake. Kuna matone ya kila usiku, kuna siku za kliniki, kuna nauli za watu wawili maana mzee hasafiri peke yake, na kuna kipimo cha uwanda wa kuona ambacho kwetu hufanyika mjini tu.

Mashine ya kipimo hicho ni bakuli kubwa jeupe lililosimamishwa wima, mdomo wake ukimwelekea mgonjwa. Babu yake ni kifaa alichokitengeneza Hans Goldmann mjini Bern mwaka 1945, na toleo la kompyuta linalotumika zaidi hospitalini leo huitwa Humphrey. Mgonjwa huegemeza kidevu, huzibwa jicho moja, hupewa kitufe mkononi na kuambiwa aangalie taa ndogo iliyo katikati bila kuhama. Kisha nukta za mwanga huwaka pembeni, kila moja kwa sehemu ya tano ya sekunde, nyingine kali, nyingine hafifu kabisa. Ukiona, bonyeza. Mpangilio wa kawaida una sehemu 54 kwa kila jicho, na kwa kila sehemu mashine hutafuta mwanga hafifu kuliko wote ambao jicho bado linaudaka. Humchunguza mgonjwa pia: mara moja moja huwasha nukta palepale ulipo mshipa wa fahamu, mahali asipoweza kuona. Akibonyeza, mashine inajua jicho limehama.

Nimekaa nyuma ya Baba akifanya kipimo hiki. Mhudumu alikuwa na foleni hadi nje ya mlango, na maelezo yake yalikuwa ya sentensi moja: "Mzee, kidevu hapa, angalia taa ya njano, ukiona mwanga mwingine bonyeza." Akazima taa ya chumba, akaenda kumpokea mwingine. Baba akaanza kuzifukuza nukta kwa macho, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya, kwani tangu utotoni tumezoea kugeukia kinachotokea. Kisha akasita, kidole juu ya kitufe. "Mwanangu, hata ule mdogo sana nao niubonyeze, au ule ninaouona vizuri tu?" Mimi sikuruhusiwa kusema, na aliyepaswa kumjibu hakuwepo chumbani. Mgongo ulianza kumuuma kwa kuinama. Karatasi ilipotoka ilikuwa na alama kwamba matokeo hayaaminiki. Tukapangiwa tarehe nyingine.

Simlaumu yule mhudumu. Mtu mmoja hawezi kupokea wagonjwa, kuandika majina, kutia matone ya kupanua mboni na wakati huohuo kumsimamia mzee ndani ya chumba cha giza. Ila tarehe nyingine maana yake ni basi jingine, malazi mengine, na miezi ambayo daktari haendi mbele wala nyuma, kwa sababu hana namba za kulinganisha. Miongozo ya madaktari wa glakoma wa Ulaya hupendekeza vipimo vitatu kwa mwaka katika miaka miwili ya mwanzo, ili ijulikane mapema nani anaharibikiwa kwa kasi. Sijawahi kukutana na mgonjwa wa vijijini kwetu aliyefikisha idadi hiyo.

Ndiyo maana nilipoiona kwa mara ya kwanza miwani ya uhalisia pepe ikitumika kupima uwanda wa kuona, niliisogelea nikiwa na maswali mengi. Ilikuwa katika kambi ya macho kwenye hospitali moja ya wilaya. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa amekuja kupimwa kwa sababu ugonjwa huu hutembea katika damu. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine.

Miwani yenyewe ni ile ile aina wanayovaa vijana kuchezea gemu: boksi linalofunika macho, mkanda unaozunguka kichwa, skrini ndani. Tofauti iko kwenye programu. Kila jicho lina sehemu yake ya skrini, kwa hiyo jicho moja hupimwa bila lingine kuzibwa. Boksi linazuia mwanga wa nje, kwa hiyo chumba cha giza hakihitajiki. Mgonjwa anakaa anavyoweza, hata kwenye kiti cha magurudumu. Katika zile bora kuna kamera ndogo za mwanga usioonekana zinazofuatilia mboni, na jicho likihama programu inajua papo hapo. Uzito wake haufikii kilo. Bakuli la hospitali linahitaji meza yake na chumba chake. Hii inaingia kwenye mkoba na kupanda bodaboda.

Aliyeishika alikuwa binti wa hapohapo wilayani, na nataka nieleze alivyofanya kwa sababu mwenye kazi hasa alikuwa yeye. Alianza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na Shangazi akatabasamu. Shangazi hakutaka kuvua mtandio mbele za watu, na binti hakumlazimisha: alilegeza mkanda, akaupitisha juu ya mtandio, akakagua kama mwanga unaingia pembeni. Kabla ya hapo alikuwa amefuta sponji yote inayogusa uso kwa spiriti, Shangazi akimwangalia. Halafu, kabla hajamvisha, alimpa kitufe na kumfundisha bila mashine. "Mama, nitazame puani. Usiniache pua. Kidole changu kikicheza pembeni, bonyeza." Akanyoosha mkono kulia, akachezesha kidole. Kitufe kikalia. Akanyoosha kushoto, kikalia. Akashusha mkono bila kuchezesha chochote, na Shangazi akatulia. Hapo ndipo akamvisha.

Kipimo kikiendelea, hakuondoka. Kila baada ya muda mfupi alisema neno kwa sauti ya chini, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kigogo. "Hivyo hivyo, Mama. Mingine ni hafifu mno, ukiikosa usihangaike." Maneno hayo ni ya kweli kabisa kitaalamu. Programu huwa inatafuta mpaka kati ya kuona na kutoona, kwa hiyo hata mwenye macho mazima hukosa nukta nyingi, karibu nusu. Asiyeambiwa hivyo huingiwa na hofu, huanza kubonyeza ovyo ili asionekane kipofu, na kipimo kinaharibika.

Matokeo yalikwenda kwa daktari bingwa mjini kwa simu ya kawaida. Huu ndio uzuri wa kipimo hiki kwa nchi kama yetu: kinachosafiri ni zile namba 54 kwa kila jicho na vijialama vichache vya uaminifu, vitu vyepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Mtandao ukikatika, miwani inaweza kuzitunza mpaka jioni. Ukilinganisha na mazungumzo ya video, ambayo hukwama kila wingu likipita, unaona kwa nini naamini hii ndiyo sehemu ya uchunguzi wa macho inayofaa kabisa kufanyika kwa mbali.

Vifaa vya namna hii sasa viko vya kutosha duniani. Wajapani wana kifaa kiitwacho "imo". Kutoka taasisi ya macho ya Bascom Palmer mjini Miami ilizaliwa kampuni ya Heru, na Marekani hiyohiyo iko VisuALL ya kampuni ya Olleyes. India wametengeneza aina inayotumia simu janja kama skrini. Korona ilipoingia mwaka 2020 ilivisukuma mbele, kwa sababu kliniki zilisita kuwaweka wagonjwa kwa zamu wakipumua ndani ya bakuli lilelile. Na mambo hayaishii kwenye kupima: mwaka 2021 Marekani iliidhinisha Luminopia, tiba ya watoto wa miaka 4 hadi 7 ambao ubongo umezoea kulipuuza jicho moja. Mtoto huangalia vipindi ndani ya miwani, na picha hurekebishwa ili jicho lililopuuzwa lilazimike kufanya kazi. Hilo ni somo la siku nyingine.

Lakini miwani hii ina mipaka, na ni vizuri ijulikane kabla watu hawajauziwa matumaini. Skrini yake haiwezi kutoa mwanga mkali kama bakuli la hospitali. Pale jicho lilipoharibika sana, bakuli bado linaweza kuuliza "hata huu mkali huuoni?", wakati skrini imeshamaliza mwanga wake. Upande wa pili, dalili za mwanzo kabisa huponyoka kirahisi. Vifaa hivi hulingana na bakuli vizuri zaidi ugonjwa ukiwa umeshasonga. Mwenye lenzi nzito anahitaji lenzi ndani ya miwani, la sivyo unapima ukungu wake. Mtoto wa jicho naye hufifisha kila kitu na kuchafua matokeo. Tena namba za kifaa kimoja hazilinganishwi na za kingine. Baba akianza kufuatiliwa kwa miwani, inabidi aendelee na miwani ileile. Ukichanganya, utadhani ameharibikiwa au amepata nafuu kumbe umebadilisha mizani.

Kubwa zaidi, uwanda wa kuona peke yake hauthibitishi glakoma. Miwani haipimi presha ndani ya jicho, wala haiuoni mshipa wa fahamu. Daktari wa mbali anataka vitu vitatu pamoja: namba za uwanda, picha ya nyuma ya jicho, na kiwango cha presha. Bahati nzuri hivyo viwili vingine navyo vimekuwa vya mkononi. Kuna kamera ndogo za retina, na kuna kipima presha kinachodunda kwenye jicho kwa nukta ya sekunde bila hata kulitia ganzi. Vitu vitatu hivyo vinaenea kwenye begi moja. Kambi inayokuja na miwani peke yake imekuja na theluthi ya kazi.

Katika nchi tajiri wanaizungumzia miwani hii kama kifaa cha nyumbani: unaletewa kwa posta, unajipima sebuleni, unairudisha. Sioni njia hiyo ikiwa yetu, na sioni kwamba tunapoteza kitu. Kwetu mahali pake ni kituo cha afya, siku inayojulikana ya kila mwezi, mikononi mwa mtu anayejulikana. Mzee wa miaka 70 aliyeachwa peke yake na boksi usoni atafanya alichofanya Baba ndani ya bakuli. Sauti iliyorekodiwa inaweza kumweleza kanuni, ila haiwezi kumwona akisita.

Mifano ya jambo hili tunayo, na mmoja ni wa jirani zetu. Kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, Dkt. Hillary Rono wa Kitale na wenzake waliwafundisha walimu kupima macho ya wanafunzi kwa simu, kwa kutumia mfumo wa Peek uliotokana na kazi ya daktari wa macho Andrew Bastawrous kule Nakuru. Walilinganisha shule 50 za msingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yanaonyesha kwamba katika shule zilizotumia mfumo huo, asilimia 54 ya watoto waliokutwa na tatizo walifika hospitali; katika shule zilizotumia njia ya zamani walifika asilimia 22. Kilichofanya tofauti hiyo ni mambo ya kawaida sana: mzazi alipewa karatasi yenye picha inayoonyesha mwanawe anavyoona ubao, akatumiwa ujumbe wa kumkumbusha, na shule nayo ikakumbushwa. Simu ilipima, halafu kukawa na utaratibu wa kumfuata mtoto hadi mlango wa hospitali.

Mwingine ni wa Tamil Nadu, India. Hospitali ya Aravind, iliyoanzishwa Madurai mwaka 1976 na Dkt. Govindappa Venkataswamy, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imefungua vituo vidogo vya macho vijijini. Ndani ya kituo hakuna daktari. Kuna mabinti waliotoka vijiji hivyohivyo, wamefundishwa kwa miaka miwili, wanapima, wanaandika, kisha mgonjwa anaongea na daktari wa mjini kwenye skrini. Wengi humalizwa palepale kituoni, bila safari. Hospitali ile ilianza kwa kuwekeza kwa wale mabinti, na mitambo ikaja kuwakuta.

Huku kwetu haja ipo, na imeandikwa. Wilaya jirani ya Kongwa inajulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa tafiti za trakoma, lakini kuna utafiti mwingine wa hukohuko, uliochapishwa mwaka 2000, ambao haupewi nafasi unayostahili: ulikuta glakoma kwa takriban asilimia 4 ya watu wa miaka 40 na zaidi. Katika kijiji chenye watu wazima mia tano wa umri huo, hao ni ishirini. Ni nani kati yao anayejua?

Kwa hiyo maombi yangu kwa waganga wakuu wa wilaya ni haya. Siku mfadhili atakapofika na maboksi, msimwulize ameleta miwani mingapi. Mwulizeni ada ya programu italipwa na nani mwaka wa pili, kwani nyingi huacha kufanya kazi ada ikikoma. Mwulizeni kipimo cha "kawaida" ndani ya programu kiliwekwa kwa macho ya watu gani. Mwulizeni betri, lenzi za akiba, na nani atatengeneza mkanda ukikatika. Halafu tengeni nafasi ya kudumu ya mhudumu wa macho mwenye mshahara, anayejua lugha ya mahali, ambaye kazi yake siku ya kliniki ni kipimo hiki tu, na ambaye simu yake ina salio la kumpigia asiyefika. Kama fedha ni za kimoja kati ya viwili, ningeanza na mhudumu, nimpe kipima presha na kamera, na miwani isubiri bajeti ijayo.

Shangazi alijibiwa baada ya siku chache: uwanda uko salama, presha iko juu kidogo, arudi kuangaliwa baada ya miezi sita. Baba bado anakwenda mjini. Sasa huwa namfundisha nyumbani usiku wa kabla ya safari, kwa ile njia ya pua na kidole, na karatasi zake zimeanza kuaminika.

Kama una zaidi ya miaka 40, au una mzazi, kaka au dada mwenye presha ya macho, huna haja ya kusubiri miwani yoyote. Nenda kliniki ya macho iliyo karibu, mtaje huyo ndugu yako kwa mhudumu, na omba vitu viwili: upimwe presha, na mshipa wa fahamu utazamwe. Ukiambiwa macho yako ni mazima kwa sababu umesoma herufi zote ukutani, omba tena.